Kabati Lililofundishwa na Wageni

Hakuna chombo chenye waya, kuanzia Mombo mpaka Magamba, kilichowahi kunishinda mimi Anord. Redio ya mchungaji niliifufua wakati mkewe ameshaigeuza kigoda. Pampu ya kunyunyizia kabichi dawa, iliyokuwa ikimnyunyizia mwenye pampu, niliirudisha kwenye kabichi. Kidato cha nne nilipata D ya fizikia, lakini ile ilikuwa D ya karatasi. Mkononi nina A. Kwa hiyo jirani yangu Sefania aliposhusha kabati lake kwenye fuso, hakuuliza nani atalifunga. Alisimama ukingoni mwa barabara akaita jina langu mpaka bonde likamjibu.

Kabati lenyewe lilitoka kwenye maabara moja upande wa Amani iliyokuwa ikiuza vitu chakavu. Sefania ni mpakiaji wa mboga pale Soni, na fuso likirudi tupu dereva humwachia nafasi ya kubeba vyake. Lilikuwa la chuma, jeupe, lenye trei ndani, na juu yake kisanduku kidogo chenye nambari nyekundu: kontrola ya joto. Huko lilikotoka lilikuwa likilea vijidudu vya kupimiwa. Sasa Yunis, mke wa Sefania, alitaka lilee vifaranga.

Yunis hakuwa anacheza. Mdondo ulikuwa umepita kijijini kwetu ukafagia kuku nyumba kwa nyumba, hata banda la katekista haukuliheshimu. Mitetea wachache walibaki. Wanawake wa kikundi wakakubaliana kwamba mayai yao yasiliwe, wala mitetea wenyewe wasiatamie, maana kuku akiatamia hatagi. Mayai yote yakusanywe, yatotoleshwe mahali pamoja. Yakiharibika hayo, tungebaki na majogoo, na jogoo peke yake ni kelele tu. Aliyetoa wazo ni Yunis, na Yunis ni mtu wa Magoma, kule chini kwenye joto. Kwa watu wa huku juu, aliyeolewa kutoka chini ni mgeni hata akizaa na kuzika hapa hapa. Wazo likifaulu litakuwa la kikundi. Likianguka litakuwa la yule wa Magoma.

Mwenyekiti wa kikundi, Nasra, mama Hashimu, alilizunguka kabati kama anayenunua ng'ombe.

"Lilikuwa na vijidudu hili?"

"Zamani, mama Hashimu," Yunis akajibu. "Nimeliosha kwa jiki."

"Vijidudu vya maabara vimesoma, mwanangu. Vinaiogopa jiki?"

Wanawake wakacheka. Yunis naye akacheka, kwa kuwa asingecheka ingeonekana kanuna.

"Vifaranga wakitoka na kikohozi," Nasra akaongeza, "tutajua wamerithi kwa nani."

Lakini alikuwa ameshaleta mayai yake ndani ya kanga, na kila yai amelichora alama ya mkaa.

* * *

Jioni ile ile kabati likanishinda.

Nieleze kidogo, mnisamehe. Kontrola ile ina autiputi mbili, yaani midomo miwili ya kutolea amri, na kila mdomo unauchagulia kazi: kupasha, kupoza, kupiga king'ora, au kulala. Mdomo wa kwanza niliuunganisha na hita, wa pili na king'ora. Nikabonyeza vitufe kwa madaha, kidole kidogo nimekiinua, kwa sababu watazamaji walikuwa wengi. Halafu nikarudi nyuma, nikafuta mikono kwenye suruali kama daktari aliyemaliza upasuaji.

Mama yake Sefania, Bibi Beatha, ana sikio moja lililostaafu na jingine linalofanya kazi kwa hiari yake. Lakini mkono wake ni mzima. Akaupitisha ndani ya kabati.

"Mbona baridi kama benchi la kanisa?"

"Linawaza, Bibi."

"Linawaza nini?"

"Linapanga kazi."

Bibi akavuta kigoda akakaa kulisubiri limalize kupanga. Ukungu ukashuka, ukaingia mpaka mlangoni. Kabati likaendelea kupanga. Nilikuwa nimeiambia hita ipoze; na hita iliyoambiwa ipoze inasubiri joto lizidi ndipo iwake. Kwa baridi ya Lushoto ingesubiri mpaka siku ya kiyama. Nilipogundua, nikageuza kimya kimya, nambari zikaanza kupanda, nikasema lile lilikuwa jaribio tu, lazima kila mashine ijaribiwe pande zote mbili. Yunis akasema, "Ahsante, shemeji." Bibi alinitazama tu mpaka nikaanza kukusanya waya ambazo hazikuwa zangu.

Ikabaki hali moja, ya kujifunza. Ukiiwasha hiyo, kontrola inapasha, inaacha, inapasha tena, huku ikipima lile kabati linapoteza joto kiasi gani. Baadaye inajua yenyewe itie moto mwingi au kidogo. Kitabu chake kilikuwapo, cha Kiingereza kirefu. Mimi nilisoma picha.

"Sasa nifanye nini, nisifanye nini?" Yunis akauliza.

"Usifanye kitu, shemeji. Iache ijifunze."

"Na mlango?"

"Mlango ni wa kufungua na kufunga. Ndiyo maana una bawaba."

* * *

Huku kwetu mwanamke akijifungua, huendi kumwona mikono mitupu, na huondoki hujamwona mtoto. Asubuhi ya kwanza tu alifika Glory, katibu wa kikundi, na sahani ya matunda damu.

"Onga makeo!" akasalimu kwa Kisambaa. "Nimekuja kuwajulia hali."

"Karibu, dada. Wazima."

"Nioneshe wangu."

Yunis akafungua. Glory akainama, akatafuta mayai yake mpaka akayapata trei ya katikati.

"Amekua?"

"Ni yai, dada."

"Najua ni yai. Nauliza, amekua?"

"Amekua kidogo," Yunis akasema, maana ndilo jibu pekee ambalo lingefunga mlango.

Kabla chai ya Glory haijapoa, akaja mwingine na maharage. Akaja wa tatu na mzigo wa kuni za miwati. Nasra alikuja na kitenge kizuri kabisa, akavua viatu mlangoni, akasema bismillahi kabla ya kuchungulia. Kila mmoja alitaka kuona wake, na kuwakatalia ingekuwa sawa na kusema mtoto ana kasoro. Mlango ukafunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa. Kila ukifunguliwa nambari zikaporomoka, na kontrola, mwanafunzi mwaminifu, ikajifunza: kumbe nyumba hii haina mlango, hapa lazima utie moto kama wa tanuru la matofali. Hakuna aliyeiambia kwamba wageni hurudi kwao.

Yunis alijisikia vizuri siku zile, na hilo nalisema bila utani. Tangu aolewe hapakuwahi kupikwa chai nyingi namna ile kwa ajili yake. Watu waliokuwa wakimwita "yule wa Magoma" wakaanza kumwita "mama wa vifaranga". Usiku alimwambia Sefania kwenye simu, "Leo mama Hashimu amekunywa vikombe viwili." Sefania, akiwa Soni juu ya magunia ya karoti, akasema, "Viwili? Basi wamekukubali." Msiniulize nimejuaje. Ukuta wetu ni wa pamoja, na Yunis kwenye simu huongea kama anamwita mtu wa mlima wa pili.

Jumapili jumuiya ilisali pale kwao. Katikati ya sala, mlango wa kabati ukiwa umeachwa wazi na mmoja wa wageni, joto likashuka na king'ora kikalia. Kilikuwa king'ora kweli. Mzee mmoja alikimbilia nje akidhani ni gari la zimamoto, ingawa kijijini kwetu gari hilo hatujaliona. Bibi Beatha akainuka na mwiko, akakipiga kisanduku kichwani mara moja. Mlango ukafungwa, joto likarudi, kelele ikaisha. Bibi akarudi kwenye sala akijua kabisa kwamba ni mwiko uliofanya kazi.

Sefania aliporudi akasikia habari ile, hakucheka.

"Kuanzia leo kabati linafungwa," akasema, na akalitia kufuli. "Ufunguo abaki nao Yunis. Atafungua asubuhi na jioni kugeuza mayai, basi. Wageni waje wanywe chai, walitazame kwa nje."

"Watakasirika," Yunis akasema.

"Wakasirike. Mayai hayana masikio."

Wakakasirika. Nasra alikuja siku iliyofuata, akakuta kufuli, akaligusa kwa kidole kimoja.

"Umetufungia watoto wetu, mama wa vifaranga?"

"Ni mume wangu, mama Hashimu. Anasema baridi inaingia."

"Ahaa. Baridi ni sisi."

Chai yake aliiacha imejaa.

* * *

Jumamosi kulikuwa na msiba kwa mzee Abrahamu, ng'ambo ya kijito, na kijiji kizima kilipanda huko. Yunis aligeuza mayai asubuhi, akafunga, akaenda kupika na wenzake. Sefania alikuwa na wachimba kaburi. Bibi miguu haikumruhusu kupanda kilima. Alibaki uani, nyuma ya nyumba, akipukuchua maharage na sikio lake lililostaafu likielekea mlangoni.

Kabati sasa lilikuwa limefungwa kweli, na jua la mchana lilipasua ukungu likapiga bati. Kontrola ikaendelea kufanya ilichofundishwa. Ikatia moto wa nyumba isiyo na mlango ndani ya kabati lenye kufuli. Nambari zikapanda. Mdomo wa pili ukafanya kazi yake: king'ora kikalia. Kikalia sana. Halafu kikanyamaza. Hakuna kelele isiyokuwa na mwisho.

Yunis alirudi jioni, masizi mikononi, akafungua kufuli. Joto lililomtokea usoni alilifahamu. Lilikuwa joto la kwao Magoma mwezi wa pili, lile la kufunga mabanda na kulala chini ya mti. Alishika yai moja akaliachia. Alizima umeme ukutani, akafungua mlango wote, akakaa sakafuni akipepea mayai kwa ungo, kama mtu anayempepea mgonjwa, mpaka Bibi alipoingia na beseni la maharage.

"Unapepea nini, mwanangu?"

Yunis akaendelea kupepea. Bibi akaweka beseni chini, akachukua mfuniko wa sufuria, akaanza kupepea upande wa pili.

* * *

Jumapili wanawake walikuja wote pamoja, na hawakuja na kitu mikononi. Waliingia kwa salamu fupi. Yunis alikuwa amepika chai ya tangawizi na kuipanga kwenye vikombe vya harusi yake. Hakuna aliyegusa kikombe. Mvuke ukapanda ukaisha.

Waliziba dirisha kwa blanketi, wakapima mayai kwa tochi, moja moja. Trei ya juu hakuna kitu. Doa jeusi, limetulia. Trei ya kati hivyo hivyo. Nasra alichukua yai lake lenye alama ya mkaa akalivunja kwenye bakuli mbele ya watu. Kilichotoka kilikuwa na manyoya tayari. Glory akageuka akatazama ukuta.

Trei ya chini, karibu na upenyo wa hewa, ndani ya mwanga wa tochi kitu kikarukaruka. Kikarukaruka tena kwenye yai la pili. Na la nne.

"Hawa wako hai," Yunis akasema.

"Basi naondoka nao," Glory akasema, na wengine wakaanza kufungua kanga.

"Dada, ukiwatoa watakufa njiani. Hatuna mtetea anayeatamia. Bado siku chache tu."

"Na wakibaki wapikwe?"

Hapo ndipo Sefania akaniita. Nilikuwa kwetu, nimesimama karibu na ukuta wetu wa pamoja, kwa bahati tu. Nikaingia, nikatoa shikamoo mara nyingi kuliko kawaida, nikainama mbele ya kontrola. Nilipoona nambari zake za ndani nilielewa kila kitu: lilikuwa limefundishwa na wageni. Kulifundisha upya mlango ukiwa umefungwa ni kazi ya alasiri moja. Lakini kusema hivyo ni kusema fundi alikuwa nani.

"Sema, mtaalamu," Nasra akasema. "Mashine mbovu?"

"Mashine nzima kabisa, mama Hashimu."

"Sasa?"

"King'ora kimezimwa. Autiputi ya pili iko kwenye kulala. Haijizimi yenyewe hii. Ni mkono wa mtu."

Glory akanigeukia.

"Mkono wa nani? Si tulikuwa msibani sote?"

"Mimi nilikuwa kaburini na sepetu," nikasema. "Nisingejua. Ila mtu mzima akishaogopa kelele..."

Sikumalizia. Nawahakikishia sikutaja jina. Lakini macho yote yalikwenda kwenye kigoda alichokalia Bibi Beatha, na Sefania, ambaye huinua gunia la viazi kwa mkono mmoja, akaonekana kama gunia limemwangukia.

"Mama. Uligusa?"

"Eeh?"

Ikabidi apige kelele mbele ya watu wote. "ULIGUSA MASHINE?"

"Niliipiga mwiko," Bibi akasema. "Wakati wa sala. Mliniona."

"Na jana?"

"Jana nilipukuchua maharage."

"Ndiye aliyebaki peke yake," mtu akasema nyuma. Mwingine akasema wazee wa siku hizi, sijui nini. Glory akapata suluhisho, na lilikuwa la busara, nadhani, kama ungekuwa hujui kitu: mayai yaliyo hai yabaki, mashine si inafaa? Ila Bibi aende Soni kwa binti yake mpaka yatotolewe. "Si kwa ubaya. Ni kwa usalama wa mayai."

Yunis alitazama trei ya chini. Alijua mama mkwe wake hajui kitufe kimoja. Alijua pia kwamba akinyamaza, vifaranga watabaki, na kwa mara ya kwanza kosa la nyumba ile halitakuwa la mtu wa Magoma. Akanyamaza. Alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua, akaikunja.

Bibi hakubisha. Aliinuka kwa mkono kwenye goti, akaingia chumbani, tukamsikia akivuta mfuko wa nailoni chini ya kitanda. Akatoka na mfuko mkononi na gauni moja limekunjwa kifuani, kitabu cha nyimbo juu yake. Mwanamke wa miaka ile, anafukuzwa na mayai.

"Nani atanisindikiza barabarani?" akauliza. "Miguu hii."

"Mimi, Bibi," nikasema haraka, nikaupokea mfuko. Nilitaka tu jambo liishe kwa heshima.

"Uache huo mfuko," Nasra akasema.

Alikuwa bado ameshika bakuli lile lenye kifaranga chake. Akaliweka mezani, katikati ya vikombe vya chai.

"Yunis, unisamehe. Jana niliondoka msibani kabla ya ubani. Nilikuja hapa. Sikupiga hodi." Alikuwa anazungumza akitazama bakuli. Mwenyekiti wa kikundi, kuingia nyumba ya watu isiyo na mwenyewe; wanawake wakaanza kutazamana. "Kufuli nililiona. Nilitaka kuweka sikio tu, niwasikie kama wanalia. Hiyo kelele ikaanza, nikasikia kandambili zinakuja, aibu ikanishika, nikajificha hapo, nyuma ya pazia la magunia ya viazi. Nikaona miguu kwanza. Kandambili moja nyekundu, moja ya bluu."

Nyumba nzima ikatazama miguu yangu. Ningekuwa na akili ningevaa viatu Jumapili ile.

"Mama Hashimu," nikasema, "labda ulimwona mtu aliyefanana..."

"Ulikuwa na simu mkono huu, inatangaza mpira. Kwa huu mwingine ukabonyeza, ukasubiri, ukabonyeza tena. Kelele ikakatika. Ukalipiga kabati kofi dogo ubavuni, kama unambembeleza mbuzi, ukaliambia: 'Nyamaza wewe, tunapiga penalti.'"

Hakuna aliyecheka. Mimi ndiye huwachekesha watu wa kijiji kile, na nawaambia, hakuna aliyecheka.

"Amesema nini?" Bibi akauliza, akigeuza kichwa huku na huku.

Sefania akainama, akamrudishia mama yake maneno yale kwenye sikio linalofanya kazi, neno kwa neno, kwa sauti ambayo hata barabarani waliisikia: kandambili, simu, kofi, penalti. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, gauni lake bado liko kifuani. Halafu akanitazama, bila hasira kabisa, kama anayeuliza habari za nyumbani.

"Na hiyo penalti, mjukuu wangu," akasema, "iliingia?"